Asiyekaa Hayupo

Inatangazwa kwa watumishi wote, wa juu, wa chini na wa katikati, kwamba kuanzia leo koti halitahesabiwa tena kuwa mtu.

Tangazo hilo lilibandikwa mlangoni mwa Idara ya Ukaaji Kazini, na waliolisoma walivua kofia. Kwa maana miaka yote hiyo koti ndilo lililokuwa likifanya kazi. Mwenye koti alikuwa akifika, anakivika kiti koti hilo mabegani, anakwenda kwenye shughuli zake, na mwananchi akiuliza anajibiwa, "Yupo, huoni koti lake?" Yalikuwepo makoti yaliyopandishwa vyeo. Koti moja la kijivu lilistaafu kwa heshima zote, likapigiwa makofi ukumbini, na mwenyewe siku hiyo hakuweza kufika.

Lakini Mheshimiwa, aliyeianzisha Idara na kuilea kama kitindamimba wake, alikuwa ameona mbali. Koti halina joto, alisema. Mtu ana joto. Basi kiti cha mtumishi aliyepo kazini sharti kiwe na joto, na kiti kikiwa baridi mwenyewe hayupo, hata kama amesimama hapo pembeni anaongea nawe. Chini ya tangazo yakaandikwa maneno matatu kwa wino mwekundu: KITI NDICHO SHAHIDI. Halafu, kwa kuwa bado palikuwa na nafasi, yakaongezwa mengine mawili: ASIYEKAA HAYUPO.

Vipimajoto viliagizwa, lakini vilikuwa na tabia ya kubishana na wakubwa, vikarudishwa. Ikaonekana heri kiganja cha mtu mwaminifu. Wakachunguza viganja vya jengo zima, wakachagua cha bwana mmoja wa ghorofa ya pili, kwa sababu kilikuwa laini kuliko vyote, hakikuwa kimetumika. Bwana huyo akawa Mkaguzi wa Viti, na kiganja chake cha kulia kikaapishwa. Kwa kuwa mkono wa kuapia ndio huohuo uliokuwa ukiapishwa, ilibidi anyanyue wa kushoto. Mwanasheria akasema haidhuru.

Tangu siku hiyo kiganja kikavaa glovu nyeupe. Kikawa hakisalimii mtu, hakishiki kikombe, hakipungii basi. Jioni Mkaguzi aliporudi nyumbani, mama yake alimnyooshea mkono, naye akampa wa kushoto.

"Hee! Mimi mama yako unanipa wa kushoto?"

"Mama, huu mwingine ni wa serikali."

Mama akautazama ule mkono wa serikali. "Na kula utakulaje?"

"Kwa kijiko, mama. Mpaka nistaafu."

Mkaguzi alifanya kazi kwa moyo. Alipita kiti hadi kiti, anasema "samahani kidogo," mtumishi ananyanyuka, anaweka kiganja, anafumba macho, anatamka: "Moto." Au: "Vuguvugu, ajitahidi." Au, kwa sauti ya msibani: "Baridi." Akimaliza mzunguko alirudi kwenye kiti chake cha mbao na kukaa kuliko wote, maana yeye ndiye mfano. Hakunyanyuka hata alipobanwa. Utaratibu ulikuwa wazi: haja ni suala la mtu binafsi, likatekelezwe kwa muda wake binafsi. Basi alibana. Alibana asubuhi, akabana mchana, jioni akafika nyumbani mbio, akajifungia msalani na kusukuma kama anayekwamua gari kwenye tope, maana na huko alikuwa na haraka.

Wanangu mnaosoma hapa mmekaa, hebu jinyanyueni kidogo. Haya, endeleeni.

Maumivu yalianza kwa adabu. Kwanza alihisi kama amekalia kokwa la embe. Akainuka kidogo, akatazama kitini: hakuna kokwa. Akakaa, kokwa likarudi. Baada ya muda likawa gumba la mtu linalosukuma kwenda juu, ndani kabisa, pale kwenye njia ya haja kubwa, pahala ambapo mtumishi wa cheo chake hana hata jina la kupaita. Kuna saa lilibana ghafla kama mkazo wa mguu, jasho likamtoka. Akitembea, nafuu. Akikaa, yuko palepale. Na yeye kazi yake ni kukaa.

Akaanza kula amesimama.

"Mbona unakula kama farasi?" mama akauliza.

"Ni itifaki, mama."

"Na msalani jana nimekusikia unaguna."

"Nilikuwa nafanya mazoezi ya hotuba."

"Hotuba gani hiyo ya uuuh, uuuh, mama yangu weee?"

Mkaguzi akatazama dari. Mama akaweka mwiko chini. "Ni bawasiri?"

"Mama!"

"Mama nini? Nimekuzaa, nimekutawaza. Huko unakonificha leo nilikuosha mimi, na ulikuwa unanionyesha bila kuombwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu. Nenda hospitali."

Hakwenda. Usicheke, alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza, alikuwa ameshajipima mwenyewe kichwani na kujikuta ana saratani, na hakutaka daktari aje kumthibitishia. Ya pili ilikuwa kubwa zaidi. Sikukuu ya Kukaa ilikuwa inakaribia. Mheshimiwa angekuja mwenyewe, na cheo cha Mkurugenzi kilikuwa wazi, na ilishajulikana kingepatikanaje: atakayekaa kando ya Mheshimiwa tangu mwanzo wa hotuba hadi mwisho bila kunyanyuka, huyo ndiye. Mkurugenzi ni mtu wa kukaa. Nafasi ya kando alikuwa ameshapewa Mkaguzi. Alitakiwa kuleta kitu kimoja tu, nacho ndicho kilichokuwa kinamuuma.

Hatimaye mama alimpeleka kwa kumvuta ule mkono wa serikali, hadharani, na glovu ikachafuka.

Kwenye ujia wa kliniki Mkaguzi alikuta jambo la kusikitisha. Mabenchi yote yalikuwa matupu, na watu wote wamesimama. Mmoja alikuwa anasoma kwa makini bango la chanjo za watoto wachanga, mwingine anahesabu vigae, mwingine anaegemea ukuta kwa bega kama anauzuia usianguke. Wengi aliwafahamu, alikuwa amewapapasia viti. Kila mmoja alimtazama na kusema amemleta shangazi.

Juu ya mlango lilibandikwa lile tangazo. Nesi wa kliniki hiyo alikuwa mwanamke wa utaratibu. Akiambiwa jambo na serikali, analifanya kama lilivyo. Alitoa kichwa, akatazama mabenchi, akasema, "Asiyekaa hayupo. Kwa hiyo hapa hakuna mgonjwa," akarudi kunywa chai.

"Kaa, mwanangu, uwepo," mama akamsihi.

Mkaguzi akakaa. Mlio alioutoa ulimleta nesi na kikombe mkononi. "Eeh, kumbe yupo mmoja. Pita."

Daktari alikuwa mama wa makamo, vidole vifupi, maneno mafupi. "Kuna damu unapojisaidia?"

"Hapana."

"Umekonda?"

"Nimenenepa, daktari. Nakaa sana."

"Homa? Choo kimebadilika?"

"Hapana."

Daktari akavaa glovu. Mkaguzi naye alikuwa na yake. Wakatazamana, glovu kwa glovu, na siku hiyo Mkaguzi akakaguliwa.

"Hapa?"

"Hapana."

"Hapa?"

"Hapo! Hapo hapo! Daktari, kwa jina la Mheshimiwa!"

"Vaa," daktari akasema, akaenda kunawa. "Si bawasiri. Si kidonda. Saratani sijaiona. Ni msuli. Huko chini ya nyonga kuna misuli imetandazwa kama kitambaa cha machela. Kazi yake ni kubeba, na ikifika saa yake kuachia. Yako imesahau kuachia. Umekunja ngumi huko chini tangu tangazo litoke."

"Ngumi?"

"Kunja mkono uende nao mpaka jioni, uone kama hautauma."

Mkaguzi akautazama mkono wake wa serikali kwa huruma.

"Sasa sikia. Maji ya vuguvugu kwenye beseni, uyakalie taratibu. Vuta pumzi mpaka tumbo lijae, ukiitoa achia huko chini, usikaze. Ukibanwa, nenda. Ukifika, usisukume, weka miguu juu ya kigoda, magoti yapande, subiri. Nakuandikia mtaalamu wa mazoezi ya viungo akufundishe kulegeza, maana kukaza mnajua wote. Mpira wa kujaza maji ya moto uukalie, ufunge taulo usijiunguze. Haitaisha kesho, inataka subira. Ukiona damu au unakonda, rudi mbio. Na usikae muda mrefu. Inuka, tembea, rudi."

"Kuinuka tena?"

"Kuinuka."

"Daktari, mimi nikiinuka sipo."

Daktari akafuta mikono. "Basi uchague, baba. Kuwepo au kupona."

Walipotoka mama alikuwa anatabasamu peke yake. "Msuli! Na mimi nimeshaanza kuwaza sanda." Lakini duka la dawa halikuwa na mpira wa maji ya moto hata mmoja. "Imeisha, bosi," muuzaji akasema. "Wale wa ofisi ya viti wamekomba yote."

"Wote wanaumwa tumbo?"

"Mimi nauza tu, bosi."

Kesho yake Mkaguzi alifika kwenye kiti cha Mama Mafaili, mwanamke mpana mwenye kicheko cha kutosha kuazimisha wengine. Kiti kilikuwa kitupu. Akaweka kiganja. "Moto," akasema, na kiganja chenyewe kikashtuka, maana lilikuwa joto la duara. Wakati huohuo Mama Mafaili akaingia mlangoni na vumbi viatuni.

"Mama Mafaili, kiti chako kina joto."

"Namshukuru Mungu."

"Lakini wewe hukuwepo."

"Nilikuwepo kwa joto, Mkaguzi. Ni mwili tu ulitoka kidogo."

Mkaguzi akafunua kitambaa cha kiti. Mpira mwekundu, mnene, umefungwa taulo, umelala kama mtoto aliyeshiba.

"Ulikuwa wapi?"

"Dirishani. Kuna mjane tumemzungusha tangu enzi za makoti, leo nimempa karatasi zake. Usinitazame hivyo. Siwezi kukaa kutwa, Mkaguzi. Nikikaa sana huku chini kunakaza, utadhani nimekalia..." Akasita, akatafuta neno la kiofisi.

"Kokwa la embe," Mkaguzi akasema.

Walitazamana kama watu wawili wa kijiji kimoja wanaokutana ughaibuni.

"Dodo?" akanong'ona Mama Mafaili.

"Dodo."

Mkaguzi akafunika mpira, akausawazisha taulo, akatazama huku na huku. "Una wa ziada?"

Kuanzia hapo Idara iliingia kwenye neema. Viti vilikuwa moto kutwa, na watu wakawa dirishani, koridoni, masijala, popote palipo na kazi. Foleni iliyokuwa inazunguka jengo ikakatika. Wananchi wakaanza kulalamika kwamba wanahudumiwa kabla hawajajiandaa. Mkaguzi alituma taarifa kwa Mheshimiwa: joto limepanda. Mheshimiwa akajibu kwamba alishasema. Nyumbani mama alichemsha maji kila jioni, akasimama nje ya mlango akisimamia: "Unapumua?"

"Napumua, mama."

"Umelegeza?"

"Mama, ukiniuliza nakaza!"

Maumivu yakaanza kuja kwa kupeana nafasi. Lakini Sikukuu ya Kukaa nayo ikafika, na siku ya hotuba hakuna kutoka kwenda dirishani.

Kulikuwa na tatizo la kitaalamu. Kiti cha Mheshimiwa, chenye dhahabu ya kupaka na mto wa mahameli, kilikuwa baridi. Akikikuta baridi, basi kwa mujibu wa tangazo lake hayupo, na mtu asiyekuwepo hawezi kuwa mgeni rasmi. Ikaundwa Kamati ya Kupasha. Kamati ikajadili nani akipashe, ikaona joto la karani haliwezi kutumiwa na mtu wa daraja lile, na joto la daraja lile lilikuwa njiani, kwenye gari. Mama Mafaili akachoka kusikiliza, akauchomeka mpira wake chini ya mto, ule wa kwanza, uliokwisha kuzeeka.

Mheshimiwa alikuja na suti ya rangi ya maziwa. Akakaa. Uso ukamlainika. "Hiki kiti," akasema, "kina joto la kizalendo." Makofi. Mkaguzi akakaa kando yake, kwenye mbao tupu, maana pembeni ya mkubwa mpira haukufichika. Na hapo hakuna mtu angenyanyuka kabla ya Mheshimiwa kunyanyuka, na Mheshimiwa akinyanyuka, Mkaguzi angeweka kiganja kwenye kiti cha dhahabu mbele ya halaiki, atamke "Moto," ndipo sherehe iishe na Mkurugenzi atajwe.

"Mataifa mengine yanasimama," Mheshimiwa akaanza. "Yanakimbia huku na huko. Sisi tumekaa."

Kokwa la embe likaamka.

Mkaguzi akavuta pumzi mpaka tumbo likajaa. Akaachia. Likatulia. Mheshimiwa akaingia kwenye historia ya kiti, tangu gogo. Kokwa likawa gumba. Mkaguzi akaufikiria ukurugenzi: gari, zulia, mama yake kiti cha mbele. Mheshimiwa akafika kwenye kigoda. Gumba likawa ngumi. Jasho lilimteremka hadi ndani ya glovu, na kule chini kila kitu kilikuwa kimefungwa kama ofisi siku ya sikukuu. Akaona wazi, kama anavyoona kidole chake, kwamba akikipata cheo hiki atakikalia maisha.

Akasimama.

Ukumbi mzima ukavuta pumzi, tena mpaka tumboni.

"Mkaguzi," Mheshimiwa akasema taratibu, "umesimama?"

"Nimesimama, Mheshimiwa. Naumwa."

"Unaumwa wapi?"

Mkaguzi akamtafuta mama yake kwa macho, mstari wa nyuma. Mama akaitikia kwa kichwa: sema.

"Njia ya haja kubwa, Mheshimiwa. Msuli umekaza. Daktari anasema tunakaa mno."

Mheshimiwa akabadilika rangi. "Tunakaa mno! Mbele ya taifa! Ninyi hamjui kukaa! Mtu anakaa hivi!" Akajiinua kwa mikono miwili, mwili wote ule, akajibwaga kitini kwa uzito wa miaka yake madarakani.

Pwaa. Halafu: fyuuuu.

Maji, yaliyokuwa yamekwisha kuwa vuguvugu, yakatoka chini ya kiti cha heshima, yakatambaa kwenye zulia, yakapita mbele ya mstari wa kwanza bila kumsalimu mtu. Suti ya rangi ya maziwa ikawa na rangi mbili.

Hakuna aliyeona. Mshereheshaji akasema tumpigie makofi Mheshimiwa kwa mfano huo hai. Yakapigwa. Mheshimiwa akabana mapaja, akabana kila kinachobanika, akasema kwa sauti nyembamba, "Nitaendelea kukaa."

Akaendelea. Akarudia historia ya kigoda. Kunyanyuka hakuweza, na asiponyanyuka sherehe haiishi, na isipoisha hakuna ruhusa ya kutoka. Basi Mama Mafaili akatoa mpira mwingine kwenye mkoba, akauweka kitini pake, akaufunika kitambaa, akatoka. Jirani yake akafanya vivyo hivyo. Mstari baada ya mstari, kwa heshima, bila kukanyagana, hadi Mheshimiwa alipokohoa na mwangwi ukamrudia.

"Wamekwenda wapi?"

Mkaguzi akashuka jukwaani. Akavua glovu, akapita akipapasa. "Yupo. Yupo. Yupo." Alipofika kwenye kiti cha Mama Mafaili akakiacha kiganja hapo kidogo. "Huyu yupo sana. Ukumbi umejaa, Mheshimiwa."

Mheshimiwa akafungua mdomo. Tangazo lilikuwa lake, wino mwekundu wake. Akafunga. "Na wewe?"

Mkaguzi akapanda, akagusa kiti chake mwenyewe cha mbao. Kilikuwa kimepoa zamani.

"Mimi sipo, Mheshimiwa," akasema, akaondoka.

Mama alikuwa anamngoja nje. Akampa mkono wa kulia, mtupu, na mama akaushika njia nzima kama wa mtoto anayevushwa barabara. Barua ya kumfukuza haikuandikwa, kwa kuwa asiyekuwepo hafukuzwi. Na tangazo nalo halikufutwa, kwa kuwa wa kulifuta ni Mheshimiwa peke yake, akiwa ameketi; na Mheshimiwa, baada ya kukaa siku ile mpaka suti ilipokauka, huku amebana vyote, hakuketi tena.

Ndiyo sababu, Mkaguzi alipokwenda kumwonyesha daktari kwamba anaendelea vizuri, alimkuta mtu mzito mwenye miwani myeusi kwenye ujia wa kliniki. Amesimama. Anasoma bango la chanjo za watoto wachanga.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Nimemleta shangazi."

"Pole yake. Mwambie apumue mpaka tumboni. Na alegeze."

Nesi akatoa kichwa, akatazama mabenchi. "Hakuna mgonjwa," akasema.

"Nipo!" Mheshimiwa akafoka. "Mimi nipo! Unanijua mimi ni nani?"

Nesi akaonyesha kwa kidole juu ya mlango, penye tangazo lenye sahihi ya Mheshimiwa mwenyewe. Mheshimiwa akalitazama benchi. Akakunja goti kidogo, akaguna, akalikunjua. Mkaguzi akamhurumia, maumivu yale hakumtakia hata adui. Akatoa kwenye mfuko mpira wake wa maji ya moto, akaulaza benchini, akausawazisha taulo.

"Ukalie huu, Mheshimiwa. Taratibu."

Lakini nesi alishafika. Akapapasa benchi, akakuta moto.

"Eeh, kumbe yupo mmoja," akasema. Akaubeba mpira kwa mikono miwili, akauingiza kwa daktari, akafunga mlango.